Seti Moja ya Matundu

Mama Mikasi alikuwa anasugua bomba la kamera kwa brashi nyembamba, mkono wa pili ukikandamiza ubavu wa kushoto. Kwa miaka tisa, kila chuma kilichoingia tumboni mwa mtu katika hospitali ile kilipitia kwanza mikononi mwake, ndani ya chumba cha mvuke kisicho na dirisha. Leo alikuwa anaosha vya kwake mwenyewe. Kesho asubuhi figo lake la kushoto, lililoharibiwa na mawe, lingetolewa kupitia matundu matatu madogo.

"Sugua vizuri," mwenzake wa zamu alimtania. "Ukiacha uchafu mgonjwa atakushtaki."

"Mgonjwa mwenyewe namjua. Mdomo anao, wakili hana."

Wakacheka. Lakini yeye alikuwa kibarua, na kampuni ya usafi ilimpa likizo ya wiki mbili tu, zisizidi hata siku moja. Matundu hupona kwa wiki mbili. Ule mpasuko wa zamani wa kufungua ubavu mzima unataka miezi miwili bila kunyanyua kitu, na trei moja ya vyuma inazidi kilo nane. Ndiyo maana alimwendea metroni, ambaye alianza naye kazi wakiazimana hata viatu. Metroni akamshika mkono.

"Seti ya vyuma vya matundu ipo moja tu, lakini kesho ni yako. Nimeshaandika. Mimi nikutupe wewe?"

Mama Mikasi akaifunga seti, akabandika utepe, akaenda kulazwa.

Alipozinduka kesho yake, alipitisha vidole chini ya shuka kutafuta plasta tatu. Alikuta moja, imeanzia karibu na kitovu ikazunguka hadi mgongoni.

"Ulivuja damu, tukalazimika kufungua," daktari alisema.

"Mnisamehe," alinong'ona. "Damu yangu haina adabu."

Siku ya tatu mwenzake wa zamu alikuja na chupa ya chai, akainama sikioni.

"Asubuhi ya upasuaji wako, seti ilipanda juu, kwenye upasuaji wa wodi ya kulipia. Shemeji yake mkurugenzi, alikuwa anatolewa nyongo. Nimeiosha mwenyewe."

"Saa ngapi ilipanda?"

"Saa mbili."

Yeye alisukumwa kuingia chumba cha upasuaji saa mbili na nusu. Alitaka kucheka, nyuzi zikamkataza.

Mchana metroni akaja na fomu na kalamu.

"Pole, dada'angu. Weka saini hapa, basi. Inasema ulianza kwa matundu, ukavuja damu."

"Nilianzaje kwa matundu, na seti iko juu kwa shemeji?"

Metroni aliangalia mlangoni, kisha akavuta kiti. "Nilipigiwa simu alfajiri. Ningefanyaje?"

"Ungekuja kuniambia. Ningesubiri wiki ijayo. Figo lenyewe lilishakufa, lingenikimbilia wapi?"

"Ungepiga kelele."

"Ningepiga. Kisha ningesubiri."

Metroni alishusha sauti. "Weka saini, nitaongea na kampuni wakushikie nafasi hiyo miezi miwili. Usipoweka, wiki mbili zikiisha wanaleta mtu mwingine. Nakusaidia, ujue."

"Naona. Mgongo mzima umejaa msaada wako."

Mama Mikasi akapokea kalamu. Chini ya maneno yaliyopigwa chapa akaandika polepole, kwa herufi kubwa: SIKUTOBOLEWA HATA TUNDU MOJA. SETI ALIPEWA MTU MWINGINE. Kisha akaweka saini.

Metroni alisoma mara mbili. "Sasa hii nitaipeleka wapi?"

"Kwenye faili langu. Si ulitaka saini?"

Metroni aliikunja fomu mara nne, akaitia mfukoni mwa sare. "Basi kazi ndiyo imekwenda, mwenzangu," akasema, na kweli macho yalikuwa yamemlowa. Akaondoka haraka.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa akijifanya kalala, akafumbua jicho moja.

"Ameenda kuichana hiyo."

"Najua," alisema Mama Mikasi. Metroni alikuwa amesahau kalamu. "Una karatasi, mama?"