Saini ya Balozi Pettiford

Verdell Gaskins alikuwa na picha kibao za Balozi Horace Pettiford, mmoja wa weusi wa kwanza kuiwakilisha Marekani ng'ambo, na zote zilikuwa na saini. Wanawe walisema mama kapagawa na makaratasi. Yeye alitaka jambo moja tu: kushika kitu kilichoshikwa na mkono wa yule bwana, aliyeitetea nchi ambayo mikahawa yake ilimfungia mlango.

Jumamosi moja alimtembelea mjane wa balozi, hapo hapo Washington, akazipanga picha mezani kando ya keki. Mjane akazitazama, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mwanangu, huu mwandiko wangu."

"Vipi uwe wako, mama?"

"Maombi ya picha yalikuja kwa magunia, na Horace hakuwa na subira, basi nikasaini mimi. Mwenyewe akishika kalamu, ungedhani anagombana nayo. H aliikata katikati mara mbili, kwa vistari viwili, akikandamiza karibu atoboe karatasi."

Verdell akakirudisha kipande cha keki mezani. H ya namna hiyo alishaiona. Ilikuwa kwenye picha ya Dada Odessa wa kanisani kwao, ambaye marehemu mumewe alikuwa dereva wa balozi. Odessa aliileta ukumbini baada ya ibada, uso umejaa furaha. Verdell akailinganisha na zake, akatangaza mbele ya watu kuwa ni ya bandia. Mjuzi wa saini, jamani! Mdomo uliponza kichwa.

Alasiri hiyo hiyo alimkuta Odessa barazani kwake akichambua mboga.

"Dada Odessa, ile picha bado unayo?"

"Ipo ukutani."

"Na saini yake?"

"Niliifuta. Si ulisema ya uongo? Mimi uongo siutundiki nyumbani kwangu."

Verdell akaeleza yote, masikio yakimwaka kwa aibu. Odessa alichambua jani moja, la pili, kisha akaingia ndani na kutoka na picha.

Wino haukuwepo. Verdell akaiinamisha kuelekea juani, huku na huku, mpaka mfereji mwembamba wa kalamu ukajitokeza: H, imekatwa mara mbili.

"Naomba niiguse."

"Iguse. Ila haiuzwi," Odessa akasema. "Na kesho utasimama ukumbini, uwaambie wale wale uliowaambia."

"Nitasimama, dada."

Akapitisha kidole polepole, pale mkono wa Pettiford ulipopita.