Kizungu ni Kizungu

Nilipokimbia Burundi mwaka 1972 nilikuwa mwalimu wa Kifaransa. Huku Tanzania, katika shule ya kijiji jirani na Makere, mwalimu mkuu, Bwana Makarius, akanipa darasa la Kiingereza. Nikamwambia sikijui. Akacheka.

"Kizungu si ni Kizungu tu, Mwalimu Ndihokubwayo? Herufi ni zile zile!"

Basi kwenye kitabu cha Kiingereza nikakuta neno "table", yaani meza. Kifaransa nacho huliandika hivyo hivyo, nami nikalisoma nilivyozoea: "Tabul." Watoto wakalishika kama wimbo. Muhula uliofuata nikasikia redioni kwamba Waingereza wenyewe husema "tebo". Tangu hapo koo limenikauka. "Tebo, jamani, tebo!" Wao: "Tabul!" Nimebembeleza, nimegombeza, nimeigonga meza yenyewe hadi mguu mmoja ukalegea. Wapi!

Jana akaja mkaguzi kutoka Kasulu. Akaigusa ile meza, akauliza kwa Kiingereza ni kitu gani.

"Tabul!" darasa zima likapaza sauti.

Mkaguzi akakunja uso. "Tebo," akawasahihisha.

Watoto wakaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maximilla, mtoto mpole kuliko wote, akasimama, mikono nyuma.

"Samahani, bwana mkaguzi, umekosea. Hata mwalimu wetu siku hizi anakosea hivyo hivyo. Sisi tunamvumilia tu, kwa sababu ni mgeni."