Sufuria za Msibani

Pasi iligonga meza, ikanyamaza, ikagonga tena. Bibi Eufrazia alikuwa macho kitandani, nyumbani kwake Kipawa, na adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Akajua mjukuu wake anainyoosha ile blauzi nyeupe kwa mara nyingine. Blauzi ilishanyooka tangu jana; mkono ndio uliokosa pa kutulia.

"Hope, utaitoboa nguo ya watu."

"Yangu hiyo, Bibi."

"Basi utaitoboa yako. Njoo unywe uji."

Uji ulipoa mezani. Hope alikuwa mhandisi wa majengo, na siku hiyo aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya wahandisi. Masika yaliyopita, ukuta wa kuzuia udongo kwenye nyumba mpya huko Mbweni ulimwangukia fundi aitwaye Shaweji, akafa. Hope alikuwa amekataza wasijenge mpaka udongo ukauke. Mwenye nyumba, Bwana Erasmus, akasema mvua haimpangii yeye ratiba, na kazi ikaendelea. Shida ni kwamba Hope alikataza kwa mdomo tu, na sasa Bwana Erasmus anakana kusikia neno lolote. Kamati ikimwona ana hatia, jina lake litafutwa, na uhandisi utakuwa umeishia hapo.

Hayo Eufrazia angeweza kuyabeba. Lililomnyima usingizi lilikuwa jingine. Hope alipopata habari ya kifo alikaa sakafuni, na ni yeye Eufrazia aliyemwinua. "Nenda msibani," alimwambia. "Usiende kusema. Nenda ukafanye kazi." Hope akaenda Mbagala, akafunga kanga kiunoni, akaosha sufuria za wafiwa mpaka matanga yakaanuliwa. Na sasa Bwana Erasmus amelifanya hilo kuwa silaha: mhandisi alijua kosa lake, ndiyo maana alikwenda kujidhili kwa watu asiowajua.

Mimi ndiye niliyemtuma, Eufrazia aliwaza, na uji wake nao ukapoa.

Hata kuweka wakili kulikuwa vita. "Watu watasema mwenye wakili ndiye mwenye kosa," Hope alibisha.

"Na mwenye mwavuli ndiye aliyeleta mvua?" bibi yake alimjibu, na hoja ikaishia hapo.

Wakili mwenyewe, Brightson, aliwapokea Kinondoni, mlangoni mwa jengo la ofisi za kamati. Alikuwa kijana mrefu, miguu kama ngazi, lakini alimshika Eufrazia mkono akapanda naye taratibu, akijifanya ni yeye anayechoka. Eufrazia aliliona hilo akaliweka moyoni.

"Bibi, nakuomba jambo moja," alisema walipofika kwenye benchi la kusubiria. "Mama wa marehemu ni shahidi wa upande wa walalamikaji. Akija, msiongee naye. Hata salamu. Wasije wakasema tumemrubuni."

"Hata salamu?"

"Hata salamu, Bibi yangu. Nisamehe."

Haukupita muda, akaja mwanamke mfupi wa makamo yake Eufrazia, amejitanda kanga nyeusi, kandambili zimeoshwa zikatakata. Hope akainamisha kichwa. Ndiye Mauwa, mama yake Shaweji.

"Hamjambo hapa?" Mauwa alisema.

Eufrazia alitazama vidole vyake. Tangu azaliwe hakuwahi kumnyima mtu salamu, hata adui. Alichoweza ni kusogea kwenye benchi ili mwenzake apate nafasi. Mauwa akaitazama ile nafasi, akamtazama yeye, akabaki amesimama.

Tumeshamuudhi, Eufrazia aliwaza. Mwanawe kafa, na salamu tumemnyima. Humo ndani atatumaliza.

Mwenyekiti wa kamati alimruhusu bibi akae nyuma, mradi asitoe sauti. Karani akamsogezea kiti chenye mto bila kuambiwa na mtu. Bwana Erasmus alizungumza kwanza, kwa raha, kama mtu aliye sebuleni kwake. Fundi mmoja akasema alimsikia mhandisi akikataza. Bwana Erasmus akacheka, akasema fundi huyo anatafuta kibarua kingine kwa huyu dada mhandisi. Kisha akaitwa Mauwa.

"Mama, pole na msiba," alisema mwanasheria wa kamati. "Huyu mhandisi alifika nyumbani kwako?"

"Alifika."

"Mlikuwa mnajuana kabla?"

"Hapana."

"Akafanya nini?"

"Akaosha sufuria."

Bwana Erasmus akaegemea kiti. Mwenyekiti akaandika.

Brightson alimwinamia Hope, lakini mnong'ono wake ulifika nyuma. "Nikimuuliza, sijui atajibu nini. Nisipomuuliza, wataliamini hili la sufuria. Unasemaje?"

"Muulize," Hope alijibu.

Wakili akasimama. Akaiweka kalamu mezani.

"Mama yangu, shikamoo."

"Marahaba."

"Siku zile, huyu binti alikuwa anaosha peke yake?"

Mauwa aligeuza shingo, akamtazama Hope, kisha akamtazama Eufrazia kule nyuma kwa muda mrefu.

"Peke yake!" alisema. "Mtaa mzima uliosha. Muuza mkaa aliosha. Mke wa mjumbe wa nyumba kumi aliosha, na tulikuwa hatusemezani. Hata mpangaji wa jirani, aliyehamia juzi tu, alikuja akaosha. Wote hao wamemuua mwanangu?" Akamgeukia Bwana Erasmus. "Wewe baba, kwenu msibani sufuria zinajiosha? Maana wewe sikukuona, hata kusimama mlangoni."

Mjumbe mmoja wa kamati alifunika mdomo. Bwana Erasmus akatazama simu yake.

"Lakini msiniwekee maneno," Mauwa akaendelea, sauti sasa imeshuka. "Sijasema binti hana kosa. Mie mambo ya kuta siyajui. Najua mwanangu alitoka asubuhi na hakurudi."

Brightson aliinamisha kichwa. "Sina swali jingine. Asante, Mama."

Walisubiri nje hadi mchana. Hope hakuweza hata kunywa maji aliyonunuliwa na wakili. Walipoitwa, mwenyekiti alisoma polepole: kamati imeridhika kwamba mhandisi alikataza kazi, kwenda msibani si ushahidi wa hatia, lakini katazo la hatari kama ile lilipaswa kuandikwa na kufikishwa manispaa. Anapewa onyo kali. Jina lake halifutwi.

Hope alilia. Hakuonekana kufurahi. Angeandika, labda Shaweji angekuwa hai. Hilo hakuna kamati ingeweza kumfutia.

Mauwa alikuwa ameshafika ngazini. Eufrazia alimtazama Brightson, kama mtoto anayeomba ruhusa.

"Sasa ruksa, Bibi."

Akamfuata, akampa salamu, na mkono, na pole. Mauwa akavipokea vyote bila kumuuliza kitu. Hope alisimama nyuma yao, hajui pa kuweka mikono.

"Wewe binti," Mauwa alimwita, "usinililie hapa, nikaanza na mie." Akajifuta pua kwa upindo wa kanga. "Tangu arobaini ipite, hakuna anayebisha hodi. Watu wana mambo yao, siwalaumu. Lakini nyumba imekuwa kimya mno. Uje tena, mwanangu. Uje tu ukae."