Mke Mkubwa Hana Haraka

Nyanya Mbodze alikuwa akimwita kaka yangu Sharif "mume wangu" tangu alipozaliwa, kama nyanya wote wa kwetu Msambweni wanavyowatania wajukuu. Sharif alipochumbia, Nyanya akatangaza: "Mke mdogo haingii nyumba hii mpaka mke mkubwa nimfuate kwao kwa miguu yangu."

Lakini miguu hiyo ilikuwa ikimbana. Akifika kwa jirani tu, shavu la mguu hukaza, naye husimama akijifanya anatazama kuku wa watu. Alijisugua mafuta ya karafuu akisema ni baridi. Kwamba alikuwa akihema akilala chali, hakumwambia mtu. Niligundua mimi niliyelala chumbani mwake, alipoanza kuniibia mito ainue kichwa.

Nikampeleka hospitali. Daktari Jumwa alimpima miguu, kisha moyo.

"Mishipa ya miguu imebana, mama. Wenye maradhi haya tunawaangalia na moyo, maana mara nyingi huumia pamoja. Wako umechoka, hausukumi damu vizuri."

Nyanya akanishika mkono. "Basi harusini nitakaa kitini?"

"La. Meza dawa, punguza chumvi, utembee. Ukibanwa, simama, ukiachiwa, endelea."

"Na ngoma?"

Daktari akacheka. "Tuanze na kutembea."

Tukatembea kila jioni. Mito yangu ilirudi mmoja mmoja. Kabla ya harusi daktari alimpima tena, akasema moyo umepata nguvu, aende, ila asikimbizwe.

Siku yenyewe tulitoka kwa ngoma na leso mpya. Penye duka la mkaa Nyanya akasimama ghafla, akatazama kuku. Wanawake wakaanza kunong'onezana. Mimi, ambaye hata darasani sikuwahi kunyoosha mkono, nikapiga kigelegele. Wapigaji wakadhani ndiyo ishara. Wakakoleza ngoma palepale, watu wakacheza hadi Nyanya akaachiwa. Kila aliposimama, nilipiga tena. Njia nzima ikawa harusi.

Tulipofika, mama yake bi harusi alikuwa mlangoni. "Mmechelewa!"

"Mke mkubwa hamkimbilii mke mwenza," Nyanya akamjibu.

Mapenzi, bi harusi, akatoka akiinama. "Shikamoo, mke mwenza."

"Marahaba, mwanangu. Mume mwenyewe anakoroma. Nimekuja kwa miguu yangu nikukabidhi."

Kisha akatikisa bega moja, kidogo tu, akiniangalia kama mtu anayeomba ruhusa.