Kwa Kijawa cha Nyumbani

Kwetu Sleman, kisiwani Java, huku chini ya mlima, mtu akitaka kuoza binti alimuuliza kwanza Pak, yaani Bwana, Wiryatmo kama ana nafasi. Akishajibiwa ndipo alipokwenda kwa mpishi, na mwisho kabisa, kwa heshima tu, bwana harusi naye akaambiwa tarehe. Pak Wir alikuwa mshereheshaji. Alisimama mbele ya wageni, kilemba kimekaa sawasawa, jambia limechomekwa nyuma kiunoni, akawaongoza maharusi hatua kwa hatua kwa Kijawa cha heshima, kile kilichokolea mpaka vijana hawaelewi hata nusu yake na bado wanafuta machozi.

Sasa mtu wa namna hiyo akinyamaza katikati ya harusi, hata kiziwi atajua kuna jambo. Ilikuwa kwa mwenye duka la mbolea. Bwana harusi ameshainua mguu kukanyaga yai la mila, anangoja maneno. Pak Wir akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Kijana wa watu akabaki amesimama kwa mguu mmoja kama korongo shambani, wageni wanamtazama yeye, yeye anamtazama Pak Wir. Wapiga ala za shaba za gamelan, ambao ni watu wenye akili zao, wakaanzisha wimbo mwingine wenye kelele. Mwisho kijana akajiamulia mwenyewe, yai likapasuka, na harusi ikaendelea.

"Upepo umemwingia," watu wakasema. Na kwetu hilo halina mjadala. Kichwa kikiuma ni upepo, tumbo likijaa ni upepo, mtu akigombana na mkwewe akalala mchana kutwa, huo nao ni upepo. Dawa yake ni mafuta na sarafu: unalazwa kifudifudi, unakwanguliwa mgongo kwa ukingo wa sarafu mpaka michirizi myekundu itoke, upepo unatoka nayo.

Mkewe, Muryani, alikuwa na mkono mzuri kwa kazi hiyo. Kila jioni baada ya magharibi alimlaza mumewe kwenye kitanda cha mianzi na kumkwangua.

"Tazama, Baba!" alikuwa akisema. "Upepo wote huu ulikuwa unakaa wapi?"

"Mm," alijibu Pak Wir, uso umo ndani ya mto.

Alikubali kukwanguliwa kwa sababu moja tu ambayo hakumwambia mtu: ukilala kifudifudi hakuna anayekuona uso. Mchana kutwa aliubeba uso wake kama mtungi uliojaa, akiogopa kumwaga, na ile nusu saa ya jioni aliutua chini.

Hakuumwa mahali ambapo angeweza kuweka kidole. Chakula kilikuwa kinamshinda. Hata tempe ya soya ya kukaanga ya Muryani, ambayo zamani aliiiba ingali motoni, ilikuwa kama anatafuna kadibodi. Hua wake, aliyemnunua kwa ajili ya sauti yake baada ya kumbembeleza mwenye ndege mwaka mzima, sasa kizimba chake kilipandishwa mlingotini na Muryani, na akilia vizuri au vibaya Pak Wir hakusikia tofauti. Aliamka kabla ya adhana na kulala macho gizani. Hapo ndipo lilipomjia lile wazo kwamba mambo yangekuwa mepesi kwa kila mtu kama yeye asingekuwepo. Halikuja kwa vurugu. Lilibisha hodi kwa adabu, likakaa, na siku zilivyokwenda likawa halibishi tena hodi.

Na wakimuuliza, "Hali gani, Pak Wir?" alijibu kwa sauti yake ile ile nzuri, "Kwa baraka za dua zenu, hakuna neno." Wote wakaondoka wameridhika. Alimkasirikia kila aliyemwamini.

Kituo cha afya alikwenda kwa ajili ya ngozi. Mgongo ulikuwa umeanza kuchubuka, na Muryani alitaka dawa ya kupaka ili aendelee na kazi yake. Daktari alipomvua shati akapiga mluzi.

"Nani kakulima hivi?"

"Ni mke wangu, daktari. Upepo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

Daktari akaacha mgongo akaanza kuuliza mengine. Analala? Anakula? Amepungua? Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya mchele, "Na siku hizi ni kitu gani kinakufurahisha, Pak?"

Pak Wir akafikiri. Akatazama kalenda ukutani, akatazama viatu vyake. Mtu aliyeweza kusema robo saa nzima juu ya jani la tambuu la harusi hakupata kitu cha kutaja. Daktari akamwandikia mafuta ya ngozi, akamwambia aende mlango wa mwisho kwenye korido, kwa mwanasaikolojia.

Huo mlango wa mwisho umepakana na wa daktari wa meno, na benchi ni moja. Bahati iliyoje! Pak Wir akakaa upande wa meno na kujishika shavu. Hakuchelewa kutokea Bu Tumirah, mama wa nyumba jirani, ambaye hana anachougua ila hakosi kituoni.

"Jino, Pak Wir?"

"Jino."

"La juu au la chini?"

"Yote," akasema Pak Wir, na mlango ambao si wa meno ukafunguka, akaitwa kwa jina lake kamili. Akaingia bila kugeuka nyuma.

Mwanasaikolojia aliitwa Nastiti, binti mwenye umri kama wa bintiye mwenyewe aliyeolewa Semarang. Mtandio wa kijivu, shati la batiki, chai ya tangawizi mezani. Akamkaribisha, akamuuliza nini kimemleta.

Pak Wir akakohoa kidogo, akaweka mikono mapajani, akaanza. Mazoea ni mazoea.

"Kwa unyenyekevu wote, mbele yako bibie uliyetukuka, mimi nisiye na thamani naomba radhi kwa kukupotezea wakati wako adhimu. Kuhusu hali yangu, kwa baraka za dua za wema, hakuna dosari ya kutajwa, ila tu uchovu mdogo wa mwili uliozeeka, nao ikimpendeza Mwenye kupanga yote, basi mtumwa wake apewe ruhusa ya kurejea mapema, asiwe mzigo kwa wanaobaki, na kila lenye upungufu katika maneno yangu lisamehewe."

Nastiti alimsikiliza mpaka nukta ya mwisho. "Ahsante, Baba," akasema. "Sijawahi kusikia mtu akisema 'sijambo' kwa urefu huo."

Pak Wir akatabasamu, kitaalamu.

"Lakini umesema apewe ruhusa ya kurejea mapema. Kurejea wapi?"

"Ah, hayo ni maneno ya adabu tu, bibie."

"Nimelelewa na bibi yangu. Kijawa cha heshima nakijua, najua na kinavyofunika vitu. Kurejea wapi, Baba?"

Pak Wir akageuza uso dirishani. Nje mtoto alikuwa akipiga kelele kwa daktari wa meno.

"Niambie tena," akasema Nastiti, "ila kwa Kijawa cha nyumbani."

Pak Wir akashtuka kwelikweli. Kumwambia mtu wa ofisini, msomi, mwanamke usiyemjua, maneno ya jikoni! "Siwezi. Itakuwa kama nakutukana."

"Nitukane. Ndiyo kazi yangu."

"Ulimi wangu hauendi huko tena, bibie. Miaka mingi sina wa kuongea naye hivyo."

"Wa mwisho alikuwa nani?"

"Kaka yangu. Marehemu Suparto."

"Mkitoka shambani mmechoka, mlikuwa mnaambianaje?"

Kabla hajajizuia, Pak Wir akacheka pumzi moja. "Tulikuwa tunasema, 'Nimechoka, we bwege.'"

"Basi niambie hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo?"

"Na bwege wake."

Akamtazama yule binti kuona kama anamdhihaki. Hakumdhihaki. Akafungua kinywa, na kwa kitambo kidogo ikawa kama ile siku ya yai, hakitoki kitu. Kisha kikatoka.

"Nimechoka, we bwege," akasema Pak Wiryatmo. "Nimechoka. Chakula hakipiti. Nikiamka najiuliza nimeamkia nini. Watu wananiuliza hali, nawadanganya, wanaenda zao. Natamani kufa."

Kwa Kijawa cha heshima kifo kina mavazi mengi, na yeye alikuwa fundi wa kuyavalisha. Amewasindikiza wazee chungu nzima makaburini kwa hotuba zake bila kulitaja jina lenyewe hata mara moja. Sasa alilisikia neno likitoka kinywani mwake tupu, silabi mbili tu, na likamtisha. Akaanza kulia. Alilia vibaya, makamasi yanatoka, kilio kisichofaa mbele ya wageni.

Nastiti akamsogezea karatasi laini na kumwacha amalize. Halafu akamuuliza waziwazi, bila kushusha sauti kama watu wanavyoshusha msibani: amepanga kujidhuru? Hapana. Amewahi kujaribu? Hapana. Ni wazo tu, linakuja alfajiri, linakaa.

"Sawa," akasema. "Umefanya vizuri sana kunitukana. Sasa sikiliza, Baba. Huo si upepo. Wala hujarogwa, wala imani yako haijapungua. Ni sonona. Ni ugonjwa, kama sukari ilivyo ugonjwa, na unatibika. Nawaona watu wakiinuka kutoka kwenye kiti hicho hicho ulichokalia."

"Kwa kuongea?"

"Kwa kuongea, kila Jumatano, tuondoe kimoja kimoja. Na daktari atakuanzishia vidonge, vinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, usiviache njiani. Ila kuna jambo haliwezi kungoja Jumatano. Nyumbani lazima mtu ajue leo. Nimpigie mke wako mimi, au utamwambia mwenyewe?"

"Nitamwambia mwenyewe. Niache kwanza nitafute maneno mazuri."

"Usitafute," akasema Nastiti. "Umeumwa miezi yote hii mbele za watu na hakuna aliyejua, kwa sababu ya hayo maneno mazuri."

Njia nzima ya kurudi Pak Wir alisukuma baiskeli yake badala ya kuipanda. Hakuogopa kwamba Muryani atamwona mwendawazimu. Aliogopa kwamba atasema "ndiyo, Baba." Kwa sababu Muryani tangu aolewe humpandishia mumewe lugha: anamwita Baba, anamjibu kwa Kijawa cha heshima, hata wakigombana anagombana kwa adabu. Mke wa mshereheshaji hawezi kuongea kama muuza samaki. Angemwambia anataka kufa, naye angemjibu kwa maneno laini, kisha angemlaza na kumkwangua. Hapo, alijua, asingeweza kusema mara ya pili.

Alimkuta kibarazani anachambua kunde, mafuta na sarafu viko tayari kwenye kisahani.

"Baba umerudi. Bu Tumirah ameniambia ni meno yote. Yote yameanza lini?"

Pak Wir akakaa. Akaweka mikono mapajani, akakohoa kidogo. "Mke wangu mwema, uliyenivumilia katika mapungufu yangu yasiyohesabika..."

"Baba, kuna harusi humu?"

Pak Wir akaacha hotuba. Akaitazama mikono yake, akaitoa mapajani.

"Mur," akasema. "Si meno. Na si upepo."

Mikono ya Muryani ikasimama juu ya kunde.

"Nilikuwa kwa mwanasaikolojia. Naumwa sonona, ndivyo alivyosema, na inatibika. Lakini amesema nikwambie leo, kwa hiyo nakwambia." Akaziangalia kunde. "Mimi natamani kufa, Mur. Miezi sasa. Kila alfajiri."

Muryani akageuka kumkabili. Kunde zikamtoka mapajani zikatawanyika sakafuni. Pak Wir akangoja ile "ndiyo, Baba," na moyo wake ukaanza kuteremka kule kule ulikozoea.

"We!"

Ilikuwa ile "we" ya kufukuzia mbuzi. Pak Wir akageuka kama kuna mtu mwingine nyuma yake.

"We Wiryatmo! Yaani kila jioni nakukwangua mgongo, nafurahi michirizi imetoka, na we umelala hapo chini ya mikono yangu unaniaga?" Akampiga bega, pigo la kweli. "Kwa nini hukusema? Ulimi wako wote ule, unawahubiria watoto wa watu, mimi mkeo hunipi hata neno moja?" Akampiga la pili, lakini hilo halikufika, mkono ulibaki begani, ukashika shati, ukaling'ang'ania. Alikuwa analia kwa hasira.

Pak Wir alimtazama mwanamke huyu aliyeishi naye miaka yote akimwinulia uso kwa heshima. Sasa nyuso zao zilikuwa sawa, na kwa mara ya kwanza tangu azikwe Suparto alikuwa na mtu kando yake.

"Samahani, Mur."

"Usinipe samahani. Niambie. Sasa hivi, hapa, unataka kufa?"

Angeweza kumtuliza. Maneno ya kumtuliza alikuwa nayo kibao. Badala yake akajitafuta ndani, pole pole, kama mtu anayepapasa mfukoni.

"Sasa hivi, hapana."

"Kweli?"

"Kweli. Alfajiri sijui."

"Alfajiri utaniamsha," akasema Muryani, akijifuta pua kwa pindo la kanga. "Unasikia, we? Hata kama nimelala fofofo. Nitakuuliza na utanijibu kama hivyo."

"Nitakuamsha."

"Na Jumatano nakwenda na we."

"Twende," akasema Pak Wir, na wote wawili wakainama kuokota kunde.