Sera ya Usingizi Mzito

Kahawa ya pili ilikuwa bado inachujwa ofisini Oulu, Ufini, pale sera ya Raisa Kemppainen, mwandishi wa programu, ilipokubaliwa kuingia kwenye kiini cha mfumo endeshi wa simu na kompyuta, sehemu ya ndani kabisa inayoamua kichakataji kilale lini. Ilikuwa sera fupi: kisichoitwa mara kwa mara kilazwe usingizi mzito zaidi, maana kukiamsha kunakula umeme. Wenzake walimpongeza kwa maandazi ya mdalasini.

Jumapili alimpigia baba yake, mzee Eino, aliyeishi peke yake katika mji mdogo wa Kuhmo. Simu iliita mpaka supu ya Raisa ikapoa.

"Baba, ulikuwa wapi?"

"Nimelala, mwanangu. Nimetoka mbali kweli kuja kukuitikia."

"Mchana wote huu?"

"Sasa niamkie nini, na wa kuniita ni wewe tu?"

Alipokwenda kumwona alimkuta kitini, baridi, amefifia kiasi kwamba maua ya pazia yalionekana kupitia kifua chake. Jirani yake, Bi Tellervo, alikuwa vivyo hivyo dirishani kwake, na wazee wengine mtaa mzima. Tarishi alipachika magazeti juu ya yale ya wiki iliyopita, akaenda zake. Raisa alimwita baba yake mpaka sauti ikamkauka. Jua likizama mzee alifumbua macho, akauliza kama barabara zina barafu, akazama tena.

Raisa aliitambua sera yake, akarudi ofisini kuomba iondolewe. Ilmo, msimamizi wa sehemu hiyo, alikoroga kahawa yake.

"We Raisa, utaratibu unaujua kuliko mimi. Badiliko linaondolewa mtumiaji akilalamika. Nani kalalamika?"

"Watalalamikaje, Ilmo? Wamelala!"

"Basi hawana shida."

"Nalalamika mimi."

"Wewe? Wewe unaitwa hata ukiwa msalani. Sera haijakugusa."

Sera ikabaki. Betri zilidumu, watu wakashukuru. Raisa akawa anampigia baba yake kila siku, na kila siku mzee alichelewa zaidi kuitika. Kisha toleo jipya la mfumo likakaribia, kazi zikamwelemea, siku zikampita.

Alipopiga tena, simu iliita muda mrefu. Kompyuta ilikuwa wazi mbele yake, maswali ya wenzake yakimiminika. Akapiga hesabu: kumwamsha mzee kungekula siku nzima, kwa maneno mawili matatu tu. Hailipi. Aliona uchungu, akaurudia mkokotoo, jibu likawa lile lile.

Akaikata simu.