Kiti cha Wenye Presha

Wabwire alipatikana na presha, na shida ilikuwa moja tu: aliifurahia.

Alipimwa Jumapili baada ya ibada, katika kanisa lao la mabati pale Nyalenda. Sista Lornah, muuguzi aliyekuja na mashine kupima waumini bure, alimfunga kile kitambaa mkononi, akakijaza hewa, akatazama namba. Akakifungua, akamfunga mkono wa pili, kana kwamba wa kwanza ulikuwa umemdanganya.

"Baba, mia na tisini kwa mia na kumi. Umefikaje hapa?"

"Kwa miguu."

"Basi kutoka leo chumvi imeisha kwako. Na hii dawa unameza kila siku. Si ile siku kichwa kinauma. Kila siku, mpaka uzeeke."

Wabwire alikuwa fundi wa pancha kando ya barabara karibu na soko la Kibuye, na namba za presha hakuhitaji kufundishwa na mtu. Gari dogo hujazwa thelathini na mbili. Lori la miwa hujazwa mia. Mia na tisini hakuwahi kuijaza mahali popote, kwa sababu tairi lingempasukia usoni. Jumatatu alifika kazini akitembea kifua mbele.

"Mia na tisini," alimwambia Dishon, mchomeleaji wa kibanda cha pili.

"Ya nini?"

"Presha."

"Omera, ndugu yangu, hata mfereji wetu hapa hauna presha. Wewe umeitoa wapi?"

Neno hilo la Kizungu, Kisumu limefanyishwa kazi mpaka limechakaa. Maji yakitoka kidogo kidogo, presha imeshuka. Stovu ikizima, mama anaipiga presha. Mwenye nyumba akigonga mlango tarehe tano ameleta presha, na mpangaji aliyejificha ndani ananong'ona kwamba huyu mzee apunguze presha. Hata mlevi anayekimbilia nyuma ya kibanda ameshika zipu, ukimwuliza, atakuambia ana presha. Lakini ile yenyewe, ya kupimwa na kuandikiwa dawa, watu waliijua kuwa ni mali ya wakubwa. Diwani alikuwa nayo. Mwalimu mkuu alikuwa nayo. Watu wa aina ya Wabwire walipewa malaria na taifodi wakatosheka.

Na Mathews alikuwa nayo. Hapo ndipo palipouma.

Mathews na Wabwire walitoka wote Port Victoria, wakaja Kisumu mwaka mmoja, wakabeba mchanga pamoja kwenye mijengo. Sasa Mathews aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa magunia, alikuwa na pikapu na tumbo la kuitangulia, na kwa miaka minne alikuwa na presha. Kikundi chao cha watu wa nyumbani kilikuwa na kazi moja, kusafirishana na kuzikana, na kila matanga yalikuwa na utaratibu wake. Ndani ya hema, mahali penye kivuli kizuri, viliwekwa viti vya plastiki vyenye mikono. Hivyo vilikuwa vya wenye presha. Waliletewa maji ya kunawa pale pale walipokaa. Waliletewa samaki wao mbali, wa kuchemsha, bila chumvi, amefunikwa sahani. Na jeneza lilipofika, emsii alishika maikrofoni akasema, "Wanaume wote mbele, wenye presha wabaki."

Wabwire alikuwa amechimba makaburi mpaka akajua udongo wa kila boma. Alikuwa amebeba majeneza, amejaza upepo tairi la gari la maiti, na chakula chake alikila nyuma ya jikoni, maharagwe, akiwa amesimama. Kiti chenye mikono hakuwahi hata kukiegemea.

Sasa alikuwa na mia na tisini. Mathews mwenyewe hakuwahi kutaja namba yake.

Mkewe Nasike hakuona cha kujivunia. Alinunua dawa, akawa anamsimamia kila asubuhi na kikombe cha maji.

"Baba Elsie, fungua mdomo nione."

"Mimi si mtoto."

"Mtoto ningemchapa. Fungua."

Baada ya mwezi Sista Lornah alimpima tena. Mia na thelathini na nane. Akampongeza mbele ya watu. Wabwire alirudi nyumbani kama mtu aliyefutwa kazi.

Wiki hiyo alikufa Mama Agneta, mweka hazina wa kikundi, wakaenda kumzika Port Victoria. Wabwire aliingia hemani moja kwa moja, akakishika kiti kwa mgongo.

"Ngoja kwanza, bwana," Mathews alisema bila kuinuka. Alitoa mfukoni kimashine kipya cha betri. "Siku hizi kila mtu ana presha ya mdomo. Leta mkono."

Kimashine kilinguruma, kikatema namba. Mathews akaisoma kwa sauti, hema nzima isikie.

"Mia na thelathini na nane. Hii ni ya kubeba jeneza."

Watu walicheka, na matangani kicheko hakiombwi mara mbili. Wabwire alibeba jeneza, upande wa miguu. Mama Agneta alikuwa mzito, na njia nzima Wabwire hakumwaza marehemu. Alikiwaza kiti.

Kuanzia asubuhi iliyofuata alikiweka kidonge chini ya ulimi, akanywa maji, akafungua mdomo, akapumua, na alipofika kibandani akakitema kwenye mkebe wa viraka. Chakula cha mchana kikawa omena ya kukaanga, na chumvi juu. Kichwa kilianza kugonga. Alikisikiliza kwa furaha, jinsi alivyozoea kusikiliza kompresa yake ikijaa.

Dishon aliuona mkebe. "Hivi vidonge ni vya kuziba pancha?"

"Nyamaza. Naitafuta namba."

"Ukiipata utaiweka wapi, jaduong', mzee wangu?"

Wabwire aliufunika mkebe.

Msiba uliofuata haukukawia. Alifariki Mzee Naswa, na kwa kuwa gari la maiti lilikuwa limeharibika, pikapu ya Mathews ndiyo iliyomleta na ndiyo ingempeleka kaburini, ng'ambo ya shamba. Wabwire alikuja amevaa koti. Alikwenda mpaka mbele ya Mathews, akalivua, akakunja mkono wa shati.

"Pima."

Kimashine kilijaa, kikapumzika, kikajaa tena. Mathews aliitazama namba na safari hii hakuisoma. Aliyeisoma ni Bridget, binti ya marehemu, aliyekuwa akigawa maji.

"Mia mbili na kumi na nane, kwa mia na ishirini na tano."

Hema ilinyamaza kwa heshima. Wabwire hakuwahi kunyamaziwa hivyo maishani.

"Sasa wewe," alimwambia Mathews.

"Mimi wananijua."

"Wanalijua tumbo lako. Pima."

Wazee walisema ni haki. Bridget akampandisha mkono wa koti, akamfunga kitambaa. Mia na ishirini na sita kwa themanini. Kicheko kilichotoka hapo kilifika kwa wapishi, na mtu mmoja nyuma akauliza kama jeneza lingemngoja Bwana Mathews avue koti.

Mathews hakukasirika. Alimvuta Wabwire karibu, akasema polepole, "Mjinga wewe. Mimi humeza kila asubuhi. Ulidhani nimekaa na mia mbili miaka minne kwa maombi? Nilitaka kiti tu, kama wewe. Dawa yako iko wapi?"

"Ondoka kwenye kiti," Wabwire alisema.

Mathews akaondoka. Wabwire akakaa, akaweka mikono yote miwili juu ya mikono ya kiti, akaegemea. Maji yaliletwa. Samaki aliletwa, amefunikwa, na alipofunuliwa mvuke ulimpiga usoni. Alitaka kuishika sahani kwa mkono wa kushoto ili aanze kula. Mkono haukuenda. Aliutazama, akauamuru tena. Alipotaka kumwambia Bridget, maneno yalitoka kama upepo kwenye vali mbovu, na samaki akaanguka chini, na Wabwire akamfuata.

Aliyembeba ni Mathews, mabegani, koti lake likiwa bado mwilini. Walimshusha Mzee Naswa jeneza na yote, wakamlaza chini ya ukuta wa nyumba, wakampakia Wabwire mahali pake, na pikapu ikaondoka mbio kwenda hospitali.

Basi hivi ndivyo kiti kilivyogharimu. Mkono wa kushoto, wote. Mguu wa kushoto, karibu wote. Nusu ya mdomo. Kompresa, jeki mbili na kibanda, vilivyochukuliwa na fundi mmoja wa Awasi. Mgongo wa Nasike, ambaye sasa huwafulia watu nguo siku sita kwa wiki. Mzee Naswa alizikwa siku ya pili, baada ya kulala nje akiwa amefunikwa turubai. Vidonge ni viwili kila asubuhi, si kimoja. Matangani Wabwire hupewa kiti chenye mikono, na hufungwa kwenye kiti kwa leso kiunoni asiangukie upande. Samaki wake huletwa wa kuchemsha, bila chumvi, na Mathews huketi kando yake akimtolea miiba.